Skuta ya Miguu Mitatu Iliyotoka Majini

Wanaosema Riyadh hakuna baridi hawajawahi kupanda pikipiki saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa kwanza. Mimi nilikuwa tarishi wa ofisi moja kule Al-Murabba, kazi yangu kubeba nyaraka kutoka meza hadi meza, mji mzima, juu ya pikipiki ya ofisi. Nilivaa sweta mbili na gazeti kifuani, na bado vidole vilikufa ganzi hata nikashindwa kukamata breki sawasawa.

Baridi peke yake ningeivumilia. Kilichoniangusha kilikuwa mvua. Huko mvua hunyesha mara chache sana, kwa hivyo mafuta ya magari na vumbi la miezi mingi hulala barabarani yakisubiri. Matone ya kwanza yakishuka, lami inakuwa sabuni. Majira ya baridi ya mwaka ule niliteleza nikishuka daraja, nikaburuzwa na pikipiki juu ya mguu wangu wa kushoto. Nilipofika ofisini nikichechemea, suruali imepasuka gotini na damu inaingia kiatuni, bosi aliinuka kitini haraka. Nikadhani anakuja kunishika mkono.

"Karatasi zimelowa?" akauliza.

Nikamwambia hazijalowa.

"Alhamdulillah. Yalla, nenda ukanawe."

Nililala siku nne chumbani, na katika siku hizo nne ndipo nilipoamua kwamba majira mengine ya baridi hayatanikuta juu ya miguu miwili. Nilikuwa nimeziona zile skuta za magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Usifikirie tuktuk ya kwetu. Hii unaikalia kama pikipiki, inalala kwenye kona kama pikipiki, lakini gurudumu moja la mbele likiteleza, jingine linashika. Mpya sikuweza hata kuiota. Nikaanza kutafuta iliyotumika.

Nilipomweleza bosi alisema ninunue ninachotaka, mradi itaandikishwa kwa jina la ofisi. Yaani jasho langu, jina lake. Mwenzangu wa chumbani, mlinzi kutoka Machakos, alinicheka kwa sababu nyingine. "Buda, miguu mitatu ni ya watoto na wazee. Nunua glavu nzuri uache mambo mengi." Nilimwonyesha goti langu. Akaenda kuchemsha chai.

Mwezi wa kumi na moja picha ikatokea kwenye kundi la simu la Wakenya. Skuta ya kijivu, miguu mitatu, "safi kama mpya, haijawahi kuanguka." Muuzaji alikuwa dereva wa familia moja huko Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Nikampigia. Sauti yake ilikuwa ya nyumbani kabisa, ikanituliza.

"Ndugu yangu," alisema, "siwezi kumuuzia mtu wetu takataka. Hapa ugenini sisi ni wa mama mmoja."

Ikawa bahati, au ndivyo nilivyoona, kwamba dada yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi za ndani mtaa uleule. Nilimwomba akaitazame. Kutoka kwake si jambo jepesi, maana madam wake huuliza hata anayekwenda kutupa takataka anachelewa nini. Lakini aliomba nusu saa, akapewa, akaenda.

Alinipigia akiwa bado anahema. "Usinunue."

"Kwa nini? Imegongwa?"

"Imelala kwenye maji."

Alikuwa amenyanyua kiti, akapitisha kidole kilicholowa chini ya kifuniko cha betri, kikatoka na tope la manjano. Mvua kubwa ya Jeddah ilipoingia ghorofa ya chini ya nyumba anayofanyia kazi, yeye ndiye aliyepiga magoti siku tatu kuisugua. "Hilo tope nalijua," alisema. "Ukilifuta kwa maji linaondoka, unafurahi. Likikauka, linarudi kama unga. Hiyo skuta imefutwa, na limerudi."

"Muuzaji alisemaje?"

"Aliniambia, 'Mama, hii si sufuria. Rudi jikoni umwache mnunuzi mwenyewe aje.'"

Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Badala ya kukasirika kwa ajili yake, nilikasirika naye. Nilikuwa nimeshajiona juu ya ile skuta, nikipita daraja lilelile kwenye mvua. Nikamwambia, "Dada, nilikutuma uone kama ipo. Mambo ya injini niachie mimi." Kisha akasema, "Haya," akakata.

Nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda basi. Safari ya siku nzima jangwani. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Al-Nuzha, na muuzaji akanipokea kwa kunikumbatia. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri kuliko langu la Pasaka.

Skuta iling'aa. Nikanyanyua kiti, nikapitisha kidole kama dada alivyofanya. Kidole kikatoka safi.

"Umeona?" akasema akicheka. "Wanawake bwana."

Na mimi nikacheka. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilicheka naye.

Akanipa ufunguo nikaizungusha mtaani. Sijui niwaelezeje. Nilipofika mahali palipomwagika maji ya kuoshea gari, niliingia kwa makusudi, nikalaza kona, na ile skuta ikasimama imara kama ng'ombe mtoni. Moyo wangu ukasema ni hii. Nilirudi nikiwa tayari kumpa mkono. Ila nikiwa naiegesha niliona skrubu za kifuniko cha mbele. Mbili zilikuwa na kutu na vichwa vyake vimelika, nyingine zote mpya kabisa.

"Tufungue hapa mbele," nikasema.

Uso wake ukabadilika. "Ukifungua, umenunua."

"Ukificha, sinunui."

Jirani na hapo palikuwa na karakana. Nikamwita fundi, mzee wa Kiyemeni, akaja na bisibisi yake kabla muuzaji hajatuzuia. Akafungua. Ndani, pale nyaya za breki za mbele zinapoungana, tope lilikuwa limeganda kama uji uliosahauliwa sufuriani. Mzee akavuta waya mmoja kwa kucha mbili, ukakatika. Akanitazama, akatikisa kichwa. "Halas, imekwisha," akasema kwa Kiarabu. "Hii siku moja utashika breki, mafi breki, hakuna."

Nikamgeukia muuzaji. Nilitegemea ataapa kwamba hakujua. Afadhali angeapa.

"Hiyo ni mvua ya Mungu," alisema. "Mimi pia niliuziwa hivyohivyo, na aliyeniuzia alijua. Sasa unataka ife mikononi mwangu? Wewe unaipeleka Riyadh, jangwani, itakaukia hukohuko."

"Na nikifa?"

"Ndugu yangu, usipende kukuza mambo."

Sikuwa nimekasirishwa na tope. Tope halina akili. Nilikasirishwa na lile neno *ndugu*, jinsi alivyoliweka mbele kila wakati kama mtu anayetandika mkeka juu ya shimo. Bosi wangu aliyeuliza habari za karatasi hakuwahi kuniita ndugu. Huyu tunaimba wimbo mmoja wa taifa, na alikuwa ameamua kwamba atatoka kwenye shimo alilotumbukizwa yeye kwa kunitumbukiza mimi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Yule fundi Myemeni, ambaye hakuelewa hata moja, alinivuta pembeni akanipa maji.

Kabla ya kwenda kupanda basi nilipita kwa dada. Alitoka getini kwa dakika kumi, aproni bado kiunoni.

"Ulisema kweli," nikamwambia. "Alikuwa ameisafisha tena baada ya wewe kuiona. Nisamehe, dada. Nilikuona huelewi."

Hakunirahisishia. "Hujaniumiza kwa kusema sielewi injini," alisema. "Injini sielewi. Umeniumiza kwa sababu hapa kila siku naambiwa sijui kitu, halafu nikakupigia wewe Riyadh, nawe ukaongezea." Akafuta jicho kwa pindo la aproni, akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Akanipa mkate na mayai aliyokuwa ameyafunga kwa karatasi tangu asubuhi, akarudi ndani kwa sababu madam alikuwa anaita.

Nilipofika Riyadh niliandika kwenye lile kundi la simu, nikaweka na picha ya nyaya. Sikutukana mtu. Nilisema tu skuta ya kijivu ya Jeddah ilizama, breki zake zimeoza, msiinunue. Nilidhani watanishukuru. Mmoja akaandika, "Unaharibia mwenzako riziki." Mwingine, "Wivu mbaya." Mwingine akasema mambo ya Wakenya yamalizwe kimya, tusijianike. Kabla ya jioni msimamizi wa kundi akanitoa, na ile picha ya skuta iking'aa ikabaki.

Lakini siku ya tatu mwanamume mmoja, dereva wa lori la maji huko Jeddah, alinipigia. Alikuwa ameshapanga kwenda kuichukua kwa ajili ya mdogo wake aliyekuwa akija kuanza kazi ya kupeleka vyakula. Aliuliza swali moja tu: "Hizo nyaya uliziona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Lakini aliyegundua ni dada yangu."

"Mwambie asante," akasema.

Sikununua miguu mitatu mwaka ule wala uliofuata. Nilibadilisha tairi zote mbili za pikipiki ya ofisi, nikanunua glavu, na kila mvua ilipoanza nilisimama chini ya daraja mpaka lami ioshwe, bosi apige simu anavyotaka. Alipiga sana. Sikupokea.