Hesabu Yangu na Akili ya Maduhu

Enzi zetu, sisi tuliokulia upande wa Usagara, huku Mwanza, kabla nyumba za bati hazijafika machungani, mtoto mwenye akili alijulikana kwa kunyoosha mkono upesi. Mimi nilinyoosha kabla mwalimu hajamaliza swali. Hesabu za kichwa zilikuwa zangu, na bakora za waliokosa nilizitazama nikiwa nimekaa kwa raha zangu. Kaka yangu Maduhu, tuliyesoma naye darasa moja, alichelewa kujibu. Alipokuja kujibu, na kwa kawaida alipata, kengele ilikuwa imeshalia.

Tukitoka shule tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa maziwa ya mgando, tukachimba mashimo ya bao ardhini, kisha tukawapeleka ng'ombe ziwani kunywa maji, kwenye harufu ya dagaa walioanikwa. Kwenye bao nilimfunga Maduhu michezo ya mwanzo. Akishajua ninavyocheza, hakufungika tena, nami nikasema mchezo wenyewe hauna maana.

Mwaka tuliomaliza darasa la saba tulifaulu wote wawili. Baba akasema mmoja ataendelea na sekondari, mwingine atabaki na mifugo, kwa kuwa yeye mgongo ulishamsumbua. Hakusema nani. Niliogopa, nakiri, ingawa sikuona kwa nini asinichague mimi.

Jioni moja tukarudisha ng'ombe. Baba hakuwa na desturi ya kuwahesabu, aliwatambua kwa rangi na pembe. Mimi nilihesabu, tena kwa sauti, ili asikie. Thelathini na mmoja. "Wametimia, baba," nikasema.

Maduhu alikuwa amesimama langoni mwa zizi. "Idadi imetimia," alisema, "lakini mmoja si wetu."

Ziwani tulikuwa tumechanganyika na kundi lingine, na kwa vumbi lile ng'ombe wekundu wote walifanana. Nikaanza kuwakagua mmoja mmoja. Yeye akaenda kuwafungulia ndama. Kila ndama akamkimbilia mama yake, isipokuwa mmoja aliyebaki akizunguka na kulia. Na kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyempiga teke kila ndama aliyemsogelea. Hapo tukamjua mgeni, tukamjua na aliyepotea.

Nikasema tukimbie kumtafuta, mimi nifuate ufukwe, yeye apite barabarani. Maduhu akamtoa yule mgeni nje ya zizi.

"Mwache atangulie," alisema. "Anajua kwao."

Tulimfuata polepole hadi kwenye kaya moja ng'ambo ya korongo. Ng'ombe wetu alikuwa humo zizini, anacheua. Tulimpa shikamoo mwenye kaya, tukamweleza. Alishangaa, maana naye alikuwa ameshahesabu na wake wametimia.

Asubuhi yake baba alituita. "Wewe nenda shule," aliniambia. "Huyu ana akili, atabaki na ng'ombe wangu."

Nilifurahi mno, hata nusu ya pili ya maneno yale sikuisikia. Ilinichukua miaka mingi kuisikia.

Siku hizi wanangu, hapa Mwanza mjini, wakipewa swali gumu huiuliza simu, na jibu linarudi kabla sijavaa miwani. Mwalimu wao anasema wana akili. Siwezi kumlaumu, hata mimi niliambiwa hivyo. Lakini sijawaona wakilitazama jambo kwanza, wakajiuliza wanajua nini tayari. Mimi mwenyewe nimemaliza miaka ofisini nikijibu upesi, na mara nyingi nikijibu vibaya. Nazikumbuka jioni zile za zizini kuliko jambo lolote nililosoma.

Juzi Maduhu alikuja kututembelea. Nikamuuliza, baada ya miaka yote hiyo, kama na yeye alitaka kuendelea na shule. Alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Ile sare uliyoenda nayo," akasema, "mama alikuwa ameishona kwa kipimo changu."

Ni kweli, mikono ilinizidi. Niliikunja, nikaenda.