Barabara ya Baba Mkwe

Kosa lilifanyika Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa Mwalimu Gwantwa, na waliolifanya walikuwa watu wenye akili zao timamu.

Halmashauri ya Mji wa Tunduma ilikuwa imeagiza kila mtaa upendekeze majina ya barabara zake, kwa kuwa vibao vilikuwa njiani na kibao hakiwezi kuandikwa "ile njia ya nyuma ya kanisa". Barabara inayopita mbele ya nyumba ya Mwalimu haikuwa na jina la maandishi. Waendesha bodaboda waliiita Kwa Idrisa, kwa sababu Alhaji Idrisa, msafirishaji aliyehamia kutoka Kondoa, ndiye aliyeimwagia kifusi mvua zilipoichimba.

Ukoo uliokutana pale sebuleni haukumkatalia Alhaji wema wake. Lakini kabla ya kifusi lazima pawe na ardhi ya kukimwagia. Zamani pale palikuwa shamba la mahindi la baba mkwe wa Mwalimu, mzee wa Kindali aliyeshuka kutoka milima ya Ileje wakati Tunduma ilikuwa geti la forodha na vibanda vichache. Waliokaa nyuma ya shamba lile walilizunguka kwa bondeni, na masika bonde lilikuwa tope la kufika magotini. Siku moja jeneza la mama mmoja liliwaponyoka wabebaji, likaanguka kwenye tope mbele ya wanawe. Mzee aliona. Wiki hiyohiyo akang'oa ua wake, akausogeza ndani kiasi cha gari kupita, akafyeka mahindi yaliyokuwa yamekwisha kubeba. Hakuidai serikali fidia, wala hakungoja mtu aje kumshukuru.

"Msemaji wetu ni Mwalimu," alisema Jairo, shemeji yake, mnunuzi wa mazao kule Mlowo. "Mimi nikisimama nitaishia kwenye bei ya mahindi."

"Na mimi je?" akauliza Erica.

Watu wakatazama vikombe vyao. Erica, wifi yake Mwalimu na binti wa mwisho wa mzee, aliuza vitenge karibu na mpaka, na ulimi wake ulijulikana huku Tunduma kwa Kiswahili na kule Nakonde, upande wa Zambia, kwa Kibemba.

"Dada, wewe tunakuweka akiba," Jairo akasema.

"Akiba ya nini?"

"Ya vita."

Wakacheka, wakaomba, wakatawanyika. Hakuna aliyekumbuka, hata Mwalimu mwenyewe kwa ile furaha ya kuaminiwa, kwamba kati ya wote waliokaa pale yeye peke yake hakuweza kulitaja jina la mzee huyo.

Gwantwa aliolewa akiwa na cheti cha ualimu na Kiswahili cha kumsahihisha mhubiri. Hata hivyo mama yake alimkalisha kitako siku ya kumtoa nyumbani, akamwambia, "Mwanangu, jina la baba mkwe halikai kinywani mwa mkamwana." Wenzake wengi waliosoma waliliacha jambo hilo kadiri miaka ilivyokwenda, na mchungaji alisema wazi kwamba kutaja si dhambi. Yeye hakulishika kwa kuogopa dhambi. Alilishika kama alivyoshika kufagia ua kabla jua halijachomoza na kutomruhusu mtoto wa nyumba yake kuonekana kilabuni: mambo ambayo mtu huyafanya kwa sababu anajua yeye ni nani. Hata maneno ya Kindali yaliyofanana na jina lile aliyazungushia mengine. Darasani alipopata mwanafunzi mwenye jina hilo, alimkabidhi kiranja kazi ya kuita majina, na shule nzima ikadhani ni mtindo mpya wa kufundisha uongozi.

Mzee naye alikuwa na yake. Akifika nyumbani kwa mwanawe alikohoa langoni, akangoja, ili mkamwana apate nafasi ya kupisha. Hawakuwahi kula meza moja. Lakini Felix, mumewe Gwantwa, alipofariki na ndugu fulani wakaanza kuipima nyumba kwa macho, mzee alikuja, akasimama uani akiuelekea ukuta, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Nyumba hii ni ya mkamwana wangu. Mwenye neno aniletee mimi." Hakuna aliyeleta. Wajane wangapi mpakani hapa walipata ukuta wa namna hiyo wa kuegemea?

Siku ya mkutano, asubuhi, Mwalimu alikuwa akipiga pasi kitenge chake huku akiirudia hotuba kwa sauti. Akafika mahali pa jina. Pasi ikasimama, nusura kitenge kiungue.

Jairo alikuwa amekwenda Kamsamba kufuata mpunga na simu yake haikupatikana. Kumwachia Erica jukwaa ni kuweka kiberiti kwenye majani makavu, na Mwalimu hakupenda jina la mzee lifike kwenye kibao likiwa limepitia matusi. Hata hivyo alivaa, akaenda hadi kibandani kwa Erica.

"Wifi, nikifika kwenye jina nitakutazama. Utasimama, utalitaja, utakaa."

"Nitaje tu?"

"Jina tu."

"Na yule kijana wa bodaboda, mpambe wa Idrisa, akianza?"

"Hata akianza."

Erica alikunja kitenge, akakikunjua tena. "Wifi, unanipeleka mkutanoni kama kengele."

"Bila kengele shule haianzi," Mwalimu akamjibu, na Erica akashindwa kuzuia tabasamu.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ofisi ya mtaa. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, wanawake wamejitanda vitenge viwiliviwili, na kutoka barabara kuu ulisikika mngurumo wa malori yaliyopanga foleni ya kuvuka. Mwenyekiti wa mtaa, Zabron, aliongoza. Kando yake alikaa mtendaji wa mtaa, Nuria, binti wa Singida aliyehamishiwa pale karibuni, nadhifu, asiyependa kazi ya kurudiarudia.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyetangulia. Alimtaja Alhaji Idrisa, akakitaja kifusi, akapigiwa makofi ya haki kabisa. Alhaji mwenyewe alikaa mstari wa mbele, kofia kichwani, akitazama chini kama mtu anayesifiwa harusini.

Kisha Mwalimu akasimama. Alieleza habari ya bonde, ya tope, ya jeneza. Hakupaza sauti, walimu wa zamani hawahitaji. Wazee waliokuwapo siku ile walianza kuitikia kwa vichwa, na mama mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kwa hiyo naomba barabara hii ipewe jina la mzee huyo," akamaliza, akamtazama wifi yake.

Erica akainuka. "Jina ni..."

"Samahani, mama," Nuria akamkatiza kwa upole. "Mtoa hoja ndiye anayetaja jina. Wengine wanaunga mkono au wanapinga. Ndio utaratibu, ili huko kwenye kata wasiturudishie."

Erica akabaki amesimama. Zabron, ambaye aliijua mila ile vizuri kwa kuwa mke wake mwenyewe aliifuata, alikuna kidevu na kutazama milima.

"Mwalimu alitutandika kwa kutojua majina ya wakuu wa mikoa," akasema yule kijana wa bodaboda kutoka nyuma. "Leo jina la nyumbani kwake limempotea."

Kicheko kikatembea uwanjani.

"Wewe uliyezaliwa na helmeti," Erica akaanza, "mama yako alipokuwa..."

"Wifi," Mwalimu akasema. "Kengele."

Erica akameza yaliyobaki, akakaa. Ilimgharimu, hata shingo ilionyesha.

"Mama, ni neno moja tu," Nuria akasema. "Usipolitaja, siwezi kuiandika hoja. Litabaki jina lililotangulia, na hilo ndilo litakalokwenda kwenye kata."

Neno moja tu. Mwalimu alilipima. Mzee alikuwa amelala makaburini, mwanawe kando yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Wengine wangempongeza kwa kwenda na wakati. Angelitaja, kibao kingepatikana, jioni ukoo ungepiga simu za furaha. Na yeye angerudi nyumbani akiwa mwanamke mwingine, aliyeliuza alilolitunza ili kununua kibao.

"Mtendaji, mwanangu, hujakosea," akasema. "Utaratibu ni utaratibu, nami nimeufundisha maisha yangu yote. Lakini na wetu huu si wa jana. Kwetu mkamwana hataji jina la baba mkwe. Sikulitaja akiwa hai. Sikulitaja tulipomzika. Shuleni nilipokuwa na mtoto mwenye jina hilo, aliitwa na kiranja. Huyo anayecheka huko nyuma ndiye aliyekuwa kiranja wangu. Muulizeni."

Vichwa vikageuka. Kijana alivua helmeti.

"Ni kweli," akasema. "Mimi nilidhani Mwalimu ana shida ya koo."

Sasa kicheko kilikuwa cha namna nyingine, na Mwalimu alikiacha kipite.

"Mnataka kujua kama mzee huyu anastahili heshima," akaendelea. "Mtu asiyestahili, nani angemlindia jina miaka yote hii ndani ya nyumba yenye redio na watoto wa sekondari? Sitaivunja heshima yake ili apewe heshima. Nimewaeleza alilolifanya. Kama mtaa unamjua, mtaa umtaje. Kama haumjui, basi kweli kibao si chake, nami nitaishi Barabara ya Idrisa kwa amani, maana Alhaji ni jirani mwema."

Akakaa. Hakutazama kushoto wala kulia. Alikuwa ameliweka jina la nyumba mikononi mwa watu wale, na kama wangeliangusha, angeliokota mwenyewe na kuondoka nalo kichwa juu.

Kisha yule mama aliyejifuta macho akalitamka jina, kama mtu anayejikumbusha. Mwingine akalipokea. Likapita mstari kwa mstari kwa minong'ono, na Nuria akabaki ameinua kalamu.

"Nawasikia," akasema, "lakini minong'ono si hoja. Nahitaji mtu mmoja."

Alhaji Idrisa akasimama, akaiweka sawa kofia yake.

"Niandike mimi hapa," akasema. "Nilipofika mji huu sikuwa na ndugu wala rafiki. Nilipouliza njia ya kwenda kwenye kiwanja changu niliambiwa, pita kwa Mzee Anyelwisye. Nimepita kwake tangu siku hiyo na malori yangu yote, sikujua kwamba napita shambani kwa mtu. Mtoa hoja ni mimi. Jina ni Anyelwisye. Na la kwangu ondoa, binti yangu. Mimi natajwa vya kutosha kila siku kwenye foleni ya malori, tena si kwa heshima."

"Na kifusi je, Alhaji?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Kifusi kitakanyagwa vilevile, hakina haja ya jina."

Zabron, aliyepata sauti yake ghafla, akauliza nani anaunga mkono. Erica aliinuka kabla hajamaliza. Watu waliomfahamu walijiandaa.

"Naunga mkono," akasema, akakaa.

Hadi leo wapo wanaosema hilo ndilo lililokuwa ajabu la mkutano.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa serikali. Kamati ya Maendeleo ya Kata ililipitisha jina bila neno. Siku ya Baraza la Madiwani, Mwalimu alivaa kitenge kilekile akaenda kukaa viti vya wananchi, nyuma kabisa, Erica ubavuni. Walisikiliza habari ya taka za sokoni, kisha ya choo cha stendi, ambayo madiwani waliizungumza kwa hisia kali. Majina ya barabara yalisomwa kwa pamoja kama mahudhurio. La mzee lilipita katikati ya mengine, mwenyekiti akavuta pumzi, akaendelea. Makofi yalipigwa mara moja kwa yote.

"Ndiyo hivyo tu?" Erica akanong'ona. "Nami niliyekaa kimya mkutano mzima?"

"Ndiyo hivyo," Mwalimu akasema. "Jambo la heshima halipigi kelele." Lakini alikuwa ameukamata mkono wa wifi yake, na hakuuachia mpaka ajenda ilipobadilika.

Kibao kilisimikwa kwenye kona, herufi nyeupe juu ya bluu. Jairo alikuja kutoka Mlowo kupiga picha mbele yake, akamsimamisha kila mtu pale, akajisifu kwamba yeye ndiye aliyemchagua msemaji. Hakuna aliyemkumbusha kilichotokea.

Wiki iliyofuata Mwalimu aliagiza mtungi wa gesi, na kijana wa kuuleta alikuwa mgeni mjini. Akapiga simu.

"Mama, nimepita kanisa. Uko barabara gani?"

"Kata kulia. Kwenye kona kuna kibao, kisome."

"Wewe niambie tu jina, mama, niko kwenye pikipiki."

"Simama ukisome, mwanangu. Mimi nakusikiliza."

Pikipiki ikanyamaza. Kijana alilisoma jina taratibu, likimsumbua kidogo katikati, akalirudia tena kwa uhakika zaidi. Mwalimu alikuwa amekwisha kutoka hadi langoni, simu sikioni, akalisikia mara mbili: ndani ya simu, na kutoka pale konani kwa sauti ya mtu.

"Ndiyo hapo," akasema. "Njoo."