Kuleta si kuuza

Msimu huu wanunuzi binafsi wa pamba wamefika kijijini Sapiwi, na mmoja wao ametundika mizani yake mkabala na ghala la chama cha ushirika. Nilikuwa pale mama mmoja aliposhusha furushi lake kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kulifungua.

"Mayu, unauza?" mnunuzi akamuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nimeleta pamba."

"Naiona. Unauza?"

"Baba, si nimekwambia nimeleta?"

Mnunuzi akacheka, akataja bei. Mama akajifunga upya kanga kiunoni. Miaka yote alikuwa akipeleka pamba ushirika. Bei aliisikia redioni, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama ameikubali.

"Na nikisema siuzi?"

"Unaondoka nayo."

Akaweka kiganja juu ya furushi. "Kumbe kuuza ndiko huko," akasema, akainama kulifunga.

Kamusi yangu inayaeleza maneno yote mawili vizuri tu, ila haisemi kwamba aliyeleta harudi na mzigo, na anayeuza anaweza kurudi nao.

Mnunuzi aliongeza bei kabla fundo halijakaza. Mama aliendelea kukaza.