Uso wa Dadangu Marehemu Nimeuona kwa Bi Harusi

Bibi huyu wa Lamu ametuletea kisa chake. Jina tumelifunika sisi. Jibu mtampa nyinyi.

Bwana Mhariri, salamu. Mimi ni mama wa makamo, arubaini na kitu, nakaa Mkomani. Kusoma kwangu ni kwa chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, herufi zikipandana nivumilieni. Kuzungumza ndiko nilikosomea hasa! Mtu akipika biriani Langoni, mimi huku nishajua kama chumvi imezidi. Lakini hili la leo hata mume wangu sijamwambia.

Dadangu alikufa akaniachia binti mchanga. Nami nilikuwa na mwanangu mdogo, maziwa yamejaa, lakini yule mtoto sikumpa ziwa. Nikimnyonyesha watakuwa ndugu, na sisi tulishanuia waoane, damu isitoke nje. Nikamlea kwa maziwa ya mbuzi, huku kifua kinaniuma akilia.

Sasa ni mwari, harusi ni baada ya Maulidi. Mwaka huu alikwenda shamba, akarudi mashavu na pua vyekundu kama aliyezabwa makofi. Nikamtawisha ndani, nikampaka liwa, ule msandali wa kusaga, mpaka uso ukasafika. Nikajisifu mji mzima! Wanawake wakaja, "Bi, tupake na sisi, waume zetu washaanza kupotea ndia ya nyumbani!" Nikawajibu, "Nyinyi liwa yenu ni chokaa ya ukuta!" Tukacheka hata basi.

Juzi akapanda darini, juu ya nyumba, kuanika nguo. Jua lile lile likamrudishia wekundu ule ule, na vidole vikafura asiweze kukunja ngumi. Kumbe si liwa yangu iliyomponya, ni giza la ndani. Nikamtazama, nikamuona dadangu. Alianza hivyo hivyo, nywele zikamtoka, akazaa, miguu ikafura, akaenda. Na mama yetu kabla yake, vivyo hivyo.

Nikampeleka kwa daktari kwa siri. Akauliza, "Nani mwengine kwenu alikuwa hivi?" Nikamtajia dadangu na mama, na kwamba binti anaolewa na binamu yake. Akasema, "Bibi, haya ni maradhi ya mwili kujipiga wenyewe, na jua huyaamsha. Hayaambukizi. Lakini kuna damu zinazoyakaribisha. Si kila mtoto atapata, ila watoto wa binamu waliooana, damu hiyo itawajia pande mbili. Na huyu mwenyewe, mimba itamtia hatarini."

Njiani binti alinishika buibui. "Mama, usimwambie mwanao. Niache niwe bi harusi kama wenzangu."

Na mwanangu kila akirudi dukani huniuliza, "Mama, mke wangu hajambo? Nasikia ameng'ara!" Mimi hucheka, kisha huingia jikoni nikalia, nasingizia vitunguu.

Nikisema, nitamvunja, na mji utamwita mgonjwa mpaka afe. Nikinyamaza, huenda nikamzika kama nilivyomzika mamake, niachiwe kichanga tena. Yule niliyemnyima ziwa langu ili awe mke wa mwanangu, ndimi nimkataze sasa?

Wenzangu, mimi nisiye na siri, hii nimeshindwa kuibeba na nimeshindwa kuitua. Nishaurini: niseme, au ninyamaze?