Chumvi ya Komanda

Haya haifi, rafiki zangu, inazeeka tu pamoja na mwenyewe, na mimi nimezeeka na ya kwangu, lakini leo nitaitosha yote nje, kwa sababu nyinyi muliisikia kwa wengine, na wengine waliongeza yao.

Mimi njo nilikuwa shampioni wa tenisi wa Maniema. Musicheke. Baba alikuwa anakata majani ku tereni, uwanja wa tenisi wa zamani wa wakubwa wa reli, hapa Kindu, siku moja akaniokotea raketi ya kuvunjika, akaifunga na nyuzi za nyavu za samaki, na mimi nikaanza kupiga bale, mipira ile, ku ukuta wa depo mpaka majirani wakalalamika. Nilishinda Kindu, nikashinda Kisangani, nikashinda hata Bukavu ku baridi ile, nikarudi na kikombe, mama akakiweka pembeni ya Kurani (baba alikasirika, lakini hakukiondoa). Watu njiani walikuwa wananiita "Shampioni", na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naitika kama vile njo jina nililozaliwa nalo.

Kisha vita ikaingia, muji ukafungwa. Treni haikuja tena, njia ya Kampene hakuna muntu wa kuithubutu, hata shamba la karibu wanawake walikuwa wanaliogopa. Na kitu kilichotutesa karibu kupita njaa yenyewe ilikuwa chumvi. Sombe, majani yetu ya muhogo, bila chumvi, samaki bila chumvi, miezi na miezi, mama anatafuna macho chini, anasema, "Mwanangu, ulimi wangu umesahau." Chumvi ilikuwa inakuja na ndege tu, na ndege ilikuwa ya Komanda.

Huyu Komanda njo alikuwa na muji wote mukononi, na kumbe alijifunza tenisi kule ng'ambo aliposoma. Akasikia iko shampioni. Akatuma askari: Jumapili nicheze naye, na watu wote waje kuangalia, wapende wasipende.

Mudogo wangu Saidi alinisindikiza mimi dada yake, njia nzima wimbo ni mumoja: "Yaya, acha akushinde. Nakuomba, acha tu."

Pembeni ya tereni waliweka meza: wali, nyama ya mbuzi, na bakuli ya chumvi. Nyeupe, imejaa mpaka juu. Macho yangu yakabaki pale. Komanda akaniona, akauliza, na sauti ya upole kabisa, "Shampioni, unahitaji kitu?"

Sasa, muntu mwenye akili angesema ndiyo. Mimi nikasema, "Hapana, Shefu, siko na shida." (Shampioni ataombaje chumvi mbele ya watu?) Akaenda kufunga viatu, macho ya watu yote yakamufuata yeye. Na mimi, yule asiye na shida, nikachota ngumi mbili za chumvi, nikafunga ku kitambaa, nikasukuma ku kiuno, ndani ya sketi. Ni hilo tu nililofanya. Hata dakika moja haikuisha.

Tukaanza kucheza. Nakimbia hatua tatu, kitambaa kinashuka. Nakimbia tena, kinashuka tena, basi nikakamata kiuno na mukono wa kushoto na kucheza na mumoja, kama mwanamuke mwenye mimba anayefukuza kuku. Jasho likaanza kuyeyusha chumvi, mapaja yanawaka, macho yananitoka machozi. Watu wananong'ona. Saidi peke yake alikuwa na furaha, alidhani nimemusikia.

Hata servisi, mupigo wa kuanza, nilikuwa naupiga chini chini na mukono mumoja. Komanda alipofika michezo minne kwa sifuri akasimama. Akakuja mpaka ku wavu.

"Unanichezea kama mutoto?"

"Hapana, Shefu."

"Unaona siwezi kushinda mwanamuke mpaka anisaidie? Mbele ya watu wangu?" Askari walikuwa wameketi, wakasimama. "Servisi yako. Piga vile ulipiga Bukavu."

Na servisi ya kweli, rafiki zangu, bale inarushwa juu na mukono wa kushoto.

Nikasoma Bismillahi, nikaachilia kiuno, nikarusha, nikaruka. Bale ikapita Komanda hata hakuiona, watu wakajisahau wakapiga kelele, na mimi nilipotua, kitambaa nacho kikatua, pa! Kikapasuka. Udongo mwekundu, na juu yake unga mweupe.

"Dawa!" askari mumoja akapaza sauti. "Shefu, iko na dawa!" Nikasikia bunduki inavutwa. Nikaona Saidi ameweka mikono ku kichwa.

Wakati ule muntu aliyekutwa na dawa ya kuzuia risasi walikuwa wanasema ni wa wale waasi wa pori, na hakuwa anarudi nyumbani. Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili tu: kuitwa muchawi, au kuitwa mwizi. Nikapiga magoti, nikalowesha kidole, nikagusa ule unga, nikalamba mbele ya muji wote.

"Ni chumvi, Shefu. Nimeiiba ku meza yako."

Kisha mwanamuke mumoja akacheka, kisha wote, hata askari. Komanda hakucheka. Akasema neno moja: "Okota."

Nikaokota. Shampioni wa Maniema, juu ya magoti, chembe kwa chembe. Ndipo Mama Zaina, jirani yetu muuza mikate, akaingia ku tereni na mwili wake ule mukubwa: "Acheni nimusaidie, mutoto wa watu." Akaokota kweli, moja ku kitambaa changu, mbili ku mudomo wake. Akaingia wa pili kusaidia. Wa tatu. Mara tereni yote imejaa wanawake wameinama wanalamba vidole, na askari hawajui wamulenge nani.

Komanda akachukua raketi yake. "Muchezo umekwisha. Nimeshinda." Akaenda. Huo njo muchezo pekee nilioshindwa Kindu, na niliushindwa nikiwa nimechuchumaa.

Nyumbani mama akaweka ile chumvi ku maji, akangoja udongo ushuke, akapika sombe. Akakula. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu.

"Mwizi," akasema. Kisha akasukuma sahani. "Niongeze."

Leo nafundisha wasichana ku tereni ile ile. Juzi alikuja mukubwa mumoja wa serikali, akatusifu sana, wenzangu wa komite ya tenisi wanapiga mikono tu. Nikasimama: "Asante, lakini hatuna bale, hatuna viatu, na wasichana hawana choo." Mumoja akanivuta kikwembe, kitenge changu: "Mama, unatutia haya!" Nikamuacha avute.

Tulipata bale sita na ahadi nyingi. Si neno. Kuomba kunauma kidogo, kisha kunapita. Mimi niliapa: nikiwa na shida nitaisema na mudomo wangu, mbele ya watu, mikono yote miwili ikionekana.