Nyota Nne za Uruguay

Zamani watu wakibishana kuhusu mpira walitembea mpaka mtaa wa Ngara kumuuliza fundi cherehani Kitavi, lakini siku hizi wanaiuliza simu. Kitavi alikuwa ameisoma historia ya Uruguay kwenye magazeti makuukuu, mwaka baada ya mwaka. Wabishi walikaa kwenye benchi lake, wakangoja amalize mshono, na akishasema ubishi uliisha.

Miezi michache iliyopita Shem na Lenox, wateja wake wa miaka mingi, walimletea jezi ya Uruguay aipunguze mikono.

"Hawa wamebeba Kombe la Dunia mara nne," Shem alisema. "Hesabu nyota hapo kifuani."

"Mara mbili," Kitavi akasema, akiendelea kupunguza mkono wa kwanza. "Mwaka wa thelathini na wa hamsini. Nyota zile zingine ni za Olimpiki, mwaka wa ishirini na nne na wa ishirini na nane."

"Mzee, hapo umechanganya. Hebu tuone," Lenox akasema, akatoa simu.

Kitavi akasimamisha cherehani. Kwamba yuko sawa alijua. Alitaka tu kuona kama neno lake bado linatosha.

"Ni mbili kweli," Lenox akasema.

"Basi nimekubali," Shem akajibu. "Simu haina ubishi."

Kitavi akawarudishia jezi ikiwa imepunguzwa mkono mmoja. "Huo mwingine mpeni simu ashone."

Walicheka, wakidhani ni mzaha. Alipoishika cherehani tena bila kuwatazama, walichukua jezi yao wakaondoka, na tangu siku hiyo hajawaona.