Muhogo wa Shingo Nyekundu

Mama alifariki mvua zikiwa bado nyingi, na shamba lake likabaki limesimama. Katika nyumba yetu, juu kidogo ya mji wa Baraka, mahali ambapo ziwa linaonekana lakini halisikiki, jembe haliingii katika shamba la mwanamke aliyekufa mpaka siku arobaini zipite. Hakuna kupalilia. Hakuna kuchuma sombe, yale majani ya mboga. Hakuna kung'oa hata muhogo mmoja wa kuchemsha. Siku zikiisha, binti wa marehemu anaingia na panga, anakata miti ya muhogo, anaifunga mafungu na kuwagawia wanawake waliolia pamoja naye. Kila mmoja anakwenda kuipanda kwake, na hivyo muhogo wa yule mama haufi naye.

Mama alikuwa na binti mmoja tu, mimi. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa nimesoma miaka minne kwa wamisionari, najua kusoma, kuandika na kushona, na nilikuwa nimekwisha kuolewa. Ninaandika haya sasa kwa sababu jambo nililolifanya na ile miti sijawahi kuliandika, na watu niliowaambia kwa mdomo karibu wote wamekwisha kwenda.

Muhogo wa mama ulijulikana. Vikonyo vya majani yake vilikuwa vyekundu, na wanawake waliuita shingo nyekundu. Haukuwa mchungu. Mtu aliung'oa asubuhi, akauchemsha na kuula mchana ule ule, bila kuuloweka wala kuuanika. Mama alipewa na mama yake, naye alipewa na mwingine huko milimani. Muhogo hauhitaji mbegu. Unakata kipande cha shina chenye macho matano au sita, unakilaza katika tuta, na macho yale yanatoa mti ambao ni ule ule, si mtoto wake. Kwa hiyo niliposimama pembeni mwa shamba sikuona mimea. Niliona kitu alichokishika mama na mama yake, ambacho sasa kilikuwa mikononi mwangu.

Na nilisimama pembeni mara nyingi. Sikuweza kukaa katika nyumba ya kilio. Wanawake walikaa juu ya mikeka, wakaongea, wakanyamaza, wakaimba, nami baada ya kitambo kidogo miguu iliniinua. Nilikwenda mpaka mwanzo wa shamba, nikaangalia bila kuingia, nikarudi. Nilikaa, nikainuka tena. Mama mudogo, mdogo wake mama aliyetoka Mboko kuja kulia nasi, aliniambia kwamba nitachimba barabara mpya ambayo hata serikali haikuiomba.

Katika wiki ya tatu niliona majani.

Mwaka mmoja kabla, monitè wa kilimo, bwana shamba wa serikali, alikuwa amepita kwetu na baiskeli yake. Kazi yake hasa ilikuwa pamba, ile pamba ya lazima, na tulizoea kumsikiliza kwa sikio moja. Lakini siku ile alisimama katika muhogo. Alitushikisha jani lililojikunja kama kiganja cha mtu mwenye baridi, lenye madoa ya njano katikati ya kijani. Akasema huo ni ugonjwa, si ukosefu wa mvua. Akageuza jani la mmea mwingine na kutuonyesha chini yake vidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya chumvi, vikaruka kama vumbi alipovigusa. Alisema hivyo ndivyo vinavyobeba ugonjwa kutoka mti huu mpaka ule.

Jirani mmoja akasema, "Monitè, we hata chini ya majani unaona bazungu?"

Wanawake walicheka sana. Monitè naye alicheka kidogo, kisha akaangalia nyuma yake, asije Mbelgiji akasikia. Halafu akatuambia neno ambalo sikulisahau, ingawa baadaye nilijifanya nimelisahau.

"Bidudu ni kidogo," alisema. "Kubwa ni mikono yenu, bamama. Muti ya mugonjwa, ukiipanda, unapanda ugonjwa. Hii haiko ya kupanda. Iko ya kuchoma."

 Jioni ile mama aling'oa mashina manne na kuyachoma, na toka hapo kila asubuhi alipita shambani akigeuza majani kabla ya kufanya kazi nyingine. Akiona moja limekunjamana, aling'oa shina. Hakuhubiri juu ya jambo hilo. Alifanya tu, kama mtu anavyotoa mawe katika mchele.

Sasa mama alikuwa chini ya udongo, na kwa siku arobaini hakuna aliyegeuza jani. Ugonjwa ulipata nafasi yake. Siku ya ishirini nilihesabu mashina matatu pembeni. Siku ya thelathini niliacha kuhesabu. Ningeweza kumwambia baba, au mama mudogo, na pengine wangesema desturi ivunjwe, au mashina mazima yachaguliwe. Sikusema. Nilijiambia kwamba ni jua. Nilijua si jua.

Siku ya kugawa niliamka alfajiri, kabla wanawake hawajafika, nikaingia na panga. Nilichagua kwanza mashina yasiyokuwa na alama, na yalikuwa machache mno. Walikuwa wanawake sita wa kupewa, nami nilitaka kila mmoja apate fungu linalojaza mkono. Niliogopa mtu kusema mama aliacha kidogo. Basi nikakata yote. Kwetu tunaacha majani mawili au matatu kwenye ncha, ili anayepokea aone ni muhogo gani. Mimi niliyaondoa yote. Nilipitisha mkono kutoka juu mpaka chini ya kila mti, na majani yaliyojikunja nikayazika chini ya takataka.

Mama mudogo alipokea fungu lake, akalizungusha.

"Mbona umeinyoa?" aliuliza.

Niliinama kuchukua fungu lingine. Akagusa kichwa changu, ambacho kilikuwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, akawageukia wenzake. "Muone, muhogo nayo iko mu kilio."

Wakacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nami nikacheka pamoja nao.

Mama mudogo aliondoka kesho yake na kamyo, lori la samaki, amepakata lile fungu kama mtoto mchanga. Wengine walipanda wiki ile ile, kuwahi mvua za mwisho. Mimi nilipanda langu katika shamba la mume wangu, na mashina yaliyobaki kwa mama niliyaacha yachipue tena.

Kisha kiangazi kikaja. Muhogo ukikosa maji haupigani. Unaangusha majani yake karibu yote, unabaki fimbo na kichwa kidogo cha kijani juu, na unaishi kwa kile ulichoweka chini. Mti mzima na mti mgonjwa inafanana wakati huo. Niliwapita wanawake wale njiani, nikawauliza habari za muhogo, wakasema umeshika, na kwa kitambo nililala. Lakini mchana miguu ilikuwa ile ile. Nilikwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Nilimtembelea mtu, nikaaga kabla bugali haujaiva. Mume wangu aliniuliza kama kuna mtu ananifukuza.

Mvua ziliporudi, majani mapya yalitoka, na yalitoka yamekunjamana tangu siku ya kwanza. Katika shamba langu yote. Nilizunguka matuta nikigeuza kila jani kama mama, lakini nilikuwa nimechelewa. Nikapata habari kutoka Mboko kwa mwanamke aliyeshuka kwenye kamyo: mama mudogo anasalimia, na anauliza kama muhogo wetu huko una majani ya ajabu, kwa sababu wake unayo, na sasa hata ule wake wa zamani uliokuwa jirani umeanza.

Siku mbili baadaye nilipanda kamyo. Nilisimama njia nzima, ingawa nafasi ya kukaa ilikuwepo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya muhogo. Mizizi ilikuwa myembamba kama vidole. Sikungojea maji ya kunywa. Nilimwambia kwamba majani yale si ya ajabu, ni ugonjwa, ule wa monitè.

Aliendelea kumenya. "We uliona?"

"Niliona."

"Mbele ya kugawa?"

"Kabla ya kugawa, mama mudogo. Ndiyo maana niliinyoa."

Kisu chake kilisimama.  Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

"Mi nilichekesha batu juu yake," alisema. Baadaye akasema, "Ungesema. Tungelia mara mbili, basi."

Akainuka, akaleta majembe mawili.

Tuling'oa kuanzia saa hizo mpaka kesho yake mchana, muhogo wa mama na muhogo wake pia. Watu wa njiani walisimama kutuuliza tuna wazimu gani, kung'oa chakula mvua zikianza. Aliwajibu kwamba muhogo umeomba kulala. Hakuwaambia ni kosa la nani. Tulirundika miti yote pembeni, na ilipokauka kidogo tukaichoma. Msimu ule nyumba yake ilikula muhogo wa kununua sokoni na ndizi za majirani. Hilo nalo ni langu.

Niliporudi nilikwenda kwa wale wengine watano, mmoja mmoja. Wanne waling'oa, na wawili kati yao hawakunisalimia tena kwa muda mrefu. Wa tano, mke wa mvuvi, mwanamke Mwislamu wa ufukweni ambaye mama alimpenda sana, alikataa. Alisema muhogo mgonjwa unazaa kidogo, lakini kidogo kinaingia tumboni, na watoto wake hawawezi kula moshi.  Kila nilipopita pale niliona majani yale ya njano, nikaongeza mwendo.

Mwisho nililing'oa shamba la mama. Baba alisimama akiangalia, hakuzuia, hakusaidia. Nilichoma rundo kubwa palepale katikati, na ardhi ikabaki nyeusi. Shingo nyekundu ikawa imekwisha, Baraka na Mboko, isipokuwa ule mgonjwa wa ufukweni.

Baada ya mvua kama tatu hivi, katika ile ardhi nyeusi, viliota vimche ambavyo sikuvipanda. Vilikuwa saba. Niliinama nikidhani ni vipande vya shina vilivyosahauliwa, lakini vilitoka moja kwa moja ardhini, vyembamba, na nilipochimbua kimoja nikaona ganda la mbegu.

Muhogo unatoa maua, watu husahau. Ni maua madogo yasiyopendeza, na matunda yake ya mviringo yanapasuka kwenye jua kwa sauti ndogo na kutupa mbegu mbali. Nilipokuwa mtoto niliisikia sauti ile tukipalilia. Mama aliving'oa vimche vya mbegu pamoja na magugu. Alisema muhogo wa namna hiyo hajulikani baba yake, unaweza kukupa kitu chochote. Bila shaka mbegu hizi zililala udongoni tangu wakati wake, na moto ndio ulioziamsha. Monitè aliniambia hivyo baadaye, na akasema pia kwamba ugonjwa ule haupiti katika mbegu. Mtoto anazaliwa mzima. Kuugua ataugua baadaye, vidudu vikimfikia.

Niligeuza majani yale kila asubuhi. Bado sikuweza kutulia, lakini sasa miguu ilikuwa na mahali pa kwenda. Vinne viliugua, nikaving'oa siku hiyo hiyo. Viwili vililiwa na mbuzi. Kimoja kilibaki, na kilipofika kiunoni mwangu vikonyo vyake vilikuwa vyekundu.

Nilingoja mwaka na miezi. Sikumwambia mtu ninachokingojea. Mama mudogo alipokuja kututembelea, tulikwenda pamoja, tukafukua mzizi mmoja pembeni bila kuuangusha mti. Ulikuwa mnene. Nilimenya ncha, nikaiuma.

Ulikuwa mchungu. Mchungu wa kukausha ulimi. Nilitema, nikakaa chini kwenye tuta, na ninaona hiyo ndiyo mara ya kwanza nililia kwa ajili ya mama bila kuinuka.

Mama mudogo alichukua ule mzizi mkononi mwangu, akauma upande wake, akatafuna kidogo, akatema na kupangusa mdomo kwa ncha ya kitambaa.

"Haiko yake," nilisema.

"Haiko," alisema. Aliutazama mti, akageuza jani moja, la pili, la tatu. "Tutailoweka. Na mi unikatie miti mbili."

Nilichukua panga.

"Usiinyoe," alisema.

Nilimkatia miwili na majani yake nchani. Aligeuza kila jani kabla ya kuiweka katika kitunga, nami nilisimama nikingoja amalize.